Kidonge cha Moyo Uliochoka

Chupa ilikuwa ndogo, ya aina ile inayouzwa na dawa ya kikohozi, na maji yaliyokuwa ndani yake yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Kamishna Verhulst aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa meza, kama mtu anayeondoa sahani asiyotaka kuila.

"Hiyo ndiyo sumu," alisema kwa Kifaransa. "Familia imeileta yenyewe. Na hivi ni vidonge vya hospitali ambavyo yule msichana alimnyima mgonjwa. Walivikuta vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Amemnyima dawa, kisha amempa sumu. Unataka nini zaidi?"

Brigadier Symphorien Kalaba alisimama wima, kofia kwapani. Alikuwa katika polisi ya Elisabethville, mji wa koloni la Wabelgiji, tangu miaka ya vita, na alijua kwamba kamishna akiuliza hivyo huwa hahitaji jibu. Akajibu hata hivyo.

"Nataka kujua alikufaje, bwana kamishna."

"Alianguka, akafa."

"Mtu mwenye sumu tumboni hutapika. Hushika tumbo. Huita watu. Huyu wanasema alianguka tu."

Verhulst alifunga koti lake. Ilikuwa Juni ya mwaka 1954, na baridi ya asubuhi ilikuwa imeingia ofisini kupitia kila ufa. "Una mpaka jioni, Kalaba. Kesho msichana anakwenda kwa mwendesha mashtaka pamoja na chupa yake. Na huko, kesi za sumu za weusi hazikawii."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Rigobert Mwaba, aliyekuwa dereva wa garimoshi mpaka moyo ulipomshinda, alikufa Jumapili asubuhi uani kwake, mtaa wa Kamalondo. Jumatatu alizikwa. Udongo wa kaburi haujakauka, mjane wake Albertine na mdogo wa marehemu, Stanislas, walikuwa tayari wamemburuta kituoni Habiba, mke wa Anaclet. Anaclet alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu. Alikuwa kazini Kolwezi, na simu ya msiba ilikuwa imeshamfikia. Angeingia kwa treni ya siku hiyo.

Kalaba alitia chupa na vidonge mfukoni, akashuka mahabusu.

Habiba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtandio umemshukia mabegani. Alikuwa binti wa Bangwana, watu wa asili ya Maniema, Waislamu. Na ndoa yake na kijana Mkatoliki ilikuwa imezungumzwa vibaya pande zote mbili. Alipomwona brigadier alijaribu kusimama. Kalaba akamfanyia ishara akae.

"Hii chupa iko ya nani?"

"Iko yangu, chef," alijibu, kwa neno ambalo mtaani waliwaitia wakubwa wa polisi.

"Ndani mule iko nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Habiba alimtazama askari aliyesimama mlangoni, kisha akainamisha uso.

"Nani alikupa?"

"Baba mudogo. Alimasi."

"Na hivi vidonge? Ulibificha sababu ya nini?"

"Nikisema, hamutaamini." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Muulize mama mukwe. Baba alikuwa alishaanguka kabla ya Jumapili. Muulize alianguka mara ngapi, na nani alikuwa pale."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Mi ni mushitakiwa, chef. Maneno yangu haina bei."

Kalaba alipoona hapati lingine, alitoka na kuchukua baiskeli yake.

Nyumba ya Mwaba ilijulikana kwa mbali, kwa moshi wa kuni na viti vilivyoazimwa kwa majirani. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka. Wanaume walikuwa uani, wakiota moto. Stanislas, mtu mrefu mwenye koti jeusi la kanisani, aliinuka kumpokea.

"Chef, umekuya kutuambia watamufunga lini?"

"Nimekuja kumuuliza mama mwenye nyumba. Peke yake, tafadhali."

Albertine aliletwa akishikwa mikono. Walikaa nyuma ya jiko, mahali pasipo na watu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso ambao siku nyingine huenda ulikuwa wa kucheka.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Huyu Habiba mulale naye leo mu kituo chenu, muniambie kama usingizi inakuya."

"Mama, nieleze Jumapili. Pole pole."

Alieleza. Marehemu aliamka vizuri. Alioga. Alikaa kwenye kiti chake pale uani, akiwatania watu waliokuwa wakienda misa, akasema yeye Mungu atamsamehe kwa sababu ya miguu iliyovimba. Habiba alimletea maji na kidonge. Akameza. Baadaye akaomba uji. Uji haukufika. Alikuwa katikati ya neno, kichwa kikaanguka kifuani, na kiti kikapinduka naye.

"Alipiga kelele?"

"Hata kidogo."

"Alitapika? Povu mdomoni?"

"Hapana. Ni kama muntu alizima taa."

"Na kabla ya hapo, mama. Aliwahi kuanguka vile?"

Albertine alikunja kanga yake juu ya magoti. "Nani alikuambia?"

"Aliwahi?"

"Mara mbili. Ya kwanza, ilikuwa Idi ya Bangwana. Alianguka pale pale, macho ikageuka. Nililia, nikasema amekufa. Kisha akafungua macho, akaniuliza nalilia nini. Ya pili, kisha juma moja kupita. Tena vile vile."

"Siku ya Idi, Habiba alikuwa hapa?"

"Aliendaka kwao kula sikukuu. Alilala kule."

"Basi siku ile nani alimpa kidonge?"

Upepo wa baridi uligeuza moshi ukawapiga usoni, na mama akajifuta macho.

"Mi mwenyewe," alisema.

Kalaba hakuandika kitu. "Mlimwambia daktari kwamba anaanguka?"

"Rigobert alikatala. Alisema docteur akisikia, atamurudisha mu kitanda, atamunyanganya dawa. Ile dawa aliipenda, chef. Kwanza alikuwa analala ameketi, roho inarukaruka kama kuku mu gunia. Walimupa ile dawa, akalala na mugongo. Akakula. Akatembea mpaka ku barabara. Sasa nani atasema anaanguka? Kuanguka alisema ni bunyonge tu."

"Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua? Hata dogo."

"Masikio. Alisema iko nyuki mule. Na tumbo ilikuwa inamuendesha."

Nyuki masikioni. Kalaba alitoa kidonge kimoja mfukoni, akakigusisha ulimi. Uchungu ule aliujua. Kila askari aliyewahi kupangwa foleni ya kinini, dawa ya malaria, kambini aliujua, na alijua pia jinsi kinini kingi kinavyoliza masikio.

"Na Habiba alianza lini kuvificha vidonge?"

"Kisha ya kuanguka mara ya pili. Hatukujua. Tuliona tu roho ya Rigobert inaanza tena kurukaruka, pumzi inakatika, miguu inavimba. Siku tatu, nne. Kumbe ni yeye alikuwa anamunyima! Kisha, Jumapili, alimupa. Sasa aliweka nini mule mu maji? Ni ile chupa!"

Sauti yake ilipanda, na wanawake ndani wakaitikia kwa kilio. Stanislas alikuwa tayari amesimama kwenye kona ya nyumba. Kalaba alishukuru, akaondoka.

Alimasi, baba mdogo wa Habiba, alishona kanzu na koti mbele ya nyumba yake, na kandoni mwa cherehani alikuwa na meza ya mizizi na magome. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kalaba aliweka chupa juu ya meza bila salamu ndefu.

"Unaifahamu?"

"Naifahamu. Ni mkono wangu."

"Familia ya Mwaba wanasema ndiyo imemuua baba yao."

Alimasi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alichukua chupa, akaing'oa kizibo, akainusa, na kabla Kalaba hajanyoosha mkono alikuwa amegugumia nusu yake.

"Mzee! Hicho ni kielelezo cha kesi!"

"Basi kaa hapa na kielelezo chako." Alijifuta ndevu. "Kaa mpaka adhuhuri. Nikifa, mfunge mtoto wangu. Nisipokufa, mrudishe nyumbani."

Kalaba alimnyang'anya chupa, akaiziba. Lakini alikaa. Alipewa kahawa, akainywa. Mzee aliendelea kushona, na sindano yake haikuyumba hata mara moja.

"Ni tangawizi," alisema baadaye bila kuinua kichwa. "Na mrehani, na gome moja ambalo nyanya yangu alitoka nalo Kasongo. Ni ya mwanamke mwenye mimba changa. Inazuia kutapika."

"Habiba ni mjamzito?"

"Mume wake bado hajui. Alitaka amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Sasa nimekwambia wewe, polisi, kabla ya baba wa mtoto. Unaona mambo mliyotufikisha?"

Kwa hiyo chupa ilikuwa imetoka katika hesabu. Vilibaki vidonge. Siku ya Idi mgonjwa alianguka, na Habiba hakuwepo, kidonge kilikuwepo. Juma lililofuata alianguka, kidonge kilikuwepo. Siku ambazo hakupewa hakuanguka, ila alikosa pumzi. Jumapili alipewa. Kalaba alipiga hesabu hiyo juu ya baiskeli njia nzima mpaka hospitali, akiipindua huku na huku, na kila alipoipindua ilirudi palepale.

Daktari Claes alimpokea kwenye veranda ya wodi ya wanaume. Alikuwa Mbelgiji wa umri wa kati, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Walizungumza Kifaransa.

"Mwaba? Nimeshatia sahihi cheti. Moyo ulishindwa. Ulikuwa umepanuka kama mfuko uliochakaa. Nilishangaa alivyofika Juni."

"Kidonge hiki ni cha nini, daktari?"

Claes alikitazama bila kukigusa. "Kinidini. Inatoka kwenye gome lilelile la kinini, ni ndugu yake. Moyo wa Mwaba ulikuwa unapiga ovyo, mbio, bila mpangilio. Moyo wenye nguvu unaweza kuvumilia hilo. Wake haukuweza. Kinidini inayashika mapigo, inayarudisha kwenye mstari."

"Masikio yake yalikuwa yanalia."

Daktari aligeuka kumtazama vizuri. "Nani amekwambia?"

"Mjane wake. Na alianguka mara mbili kabla ya Jumapili. Akawa kama maiti, kisha akaamka."

Claes alikaa kwenye ngazi ya veranda, palepale kwenye vumbi, na koti lake jeupe. Alimfuata kwa macho mtawa aliyepita na sinia ya sindano mpaka alipotoweka mlangoni.

"Hakuna aliyeniambia," alisema hatimaye. "Alikuja hapa kila wiki. Nilimuuliza, 'Unajisikiaje?' Akaniambia, 'Vizuri, daktari, vizuri sana.' Niliusikiliza moyo wake ukiwa umetulia. Nilifurahi."

"Alijua ungemwondolea dawa."

"Ningemwondolea." Alijipangusa uso. "Au labda ningempunguzia. Sijui. Vitabu vinasema kuna wagonjwa, hasa wenye moyo mpana, dhaifu, ambao dawa hii inawafanya wazimie ghafla. Baadhi hawaamki. Wengine wanasema ni damu iliyoganda inayokwenda kichwani. Wengine wanasema ni dawa yenyewe inayousimamisha moyo, au inayoutia wazimu badala ya kuutuliza. Ile mashine ya kuchora mapigo ingenionyesha kitu. Iko upande wa Wazungu. Niliomba nimpeleke Mwaba huko. Bado nasubiri jibu."

"Kama ulijua hatari hiyo, kwa nini ulimpa?"

"Kwa sababu bila dawa alikuwa anakufa, brigadier. Ulimwona wakati ule? Alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Njoo."

Alimwongoza mpaka dirisha la wodi ya wanawake. Uani, mwanamke kijana alikuwa akianika nguo, akicheka na jirani yake juu ya jambo fulani.

"Yule anaitwa Germaine. Alikuja na mapigo yaleyale na moyo ulio karibu sawa na ule. Dawa ileile. Atarudi kwa watoto wake wiki hii. Wawili hawa, ningekuwekea mbele yako siku ya kwanza, ungeniambia nani apewe na nani anyimwe?"

Kalaba alirudi kwenye swali lililomleta.

"Unaweza kuandika kwamba dawa ndiyo iliyomuua Mwaba?"

"Siwezi."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo. Lakini si hilo. Hata tukimfukua leo, moyo uliosimamishwa na ugonjwa na moyo uliosimamishwa na dawa, juu ya meza inafanana. Haitoi alama. Ninaweza kukwambia wewe hapa, kwenye veranda, kwamba naamini ni dawa. Mbele ya hakimu, nitasema sijui, na itakuwa kweli." Alitazama tena uani. "Nani alikuwa anampa vidonge?"

"Mke wa mtoto wake. Baada ya kuanguka mara ya pili alivificha."

"Alivificha?" Claes alisema polepole. "Basi yeye peke yake ndiye aliyeona. Na kwa nini akampa tena?"

Hilo Kalaba hakuwa amemuuliza bado. Alirudi kituoni kumuuliza.

Safari hii alimwondoa askari mlangoni na kuufunga mlango mwenyewe.

"Nimeonana na mzee Alimasi. Chupa najua ni ya nini."

Habiba aliweka mkono tumboni, akauondoa haraka.

"Na vidonge pia najua. Uliona vinamwangusha."

"Nilionaka," alisema. "Ile mara ya pili nilikuwa karibu. Alikunywa, akakaa, akaanguka. Nikasema mu roho yangu, iko hii. Nikaanza kumupa kipande ya chaki, nikaficha ya kweli. Alikuwa hajui."

"Na hakuanguka tena."

"Hakuanguka. Lakini, chef, ungemusikia!" Sasa maneno yalikuja yenyewe. "Usiku alikuwa anashika dirisha, anatafuta hewa. Anasema, 'Mutoto yangu, dawa imekufa nguvu, fanya mpango.' Mimi najua dawa haikukufa. Mimi najua ni chaki. Jumamosi midomo yake ikakuwa bluu. Nikasema, nikimunyima, anakufa mu mikono yangu. Nikimupa, pengine ataanguka, pengine ataamuka kama zile siku. Jumamosi mangaribi nikamupa. Asubui alikuwa muzuri! Alioga, alicheka. Nikasema, Mungu, asante. Nikamupa ingine."

Aliuvuta mtandio kichwani.

"Hukumwambia daktari?"

"Jumamosi niliendaka. Docteur alikuwa mu operesheni. Waliniambia nirudi Jumatatu."

Jumatatu ndiyo siku waliyozika. Kalaba akafungua mlango.

Kamishna Verhulst alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Chupa iliyobaki nusu ilikuwa mezani. Kalaba alieleza mimba, Idi, masikio, kinini na ndugu yake, chaki, Jumamosi. Alipomaliza, kamishna aliwasha sigara.

"Kazi nzuri," alisema. "Kwa hiyo hakuna sumu."

"Hakuna, bwana kamishna."

"Na cheti cha daktari kinasema moyo. Basi tunaandika hivyo. Kifo cha ugonjwa, hakuna kosa, mshitakiwa aachiliwe."

"Familia wataamini kwamba ameachiliwa kwa kukosa ushahidi tu. Kama tungeandika habari ya dawa—"

"Sitaandika kwamba daktari wa serikali ameua mtu kwa kidonge. Na wewe huwezi kulithibitisha, wala yeye mwenyewe hawezi. Niambie kama nakosea."

Hakuwa anakosea. Hilo ndilo lililokuwa baya.

"Niruhusu basi niwaambie kwa mdomo," Kalaba alisema. "Nimpeleke mwenyewe."

Verhulst aliinua mabega. "Mdomo wako ni wako."

Walikwenda kwa miguu, Kalaba akisukuma baiskeli, Habiba nyuma yake hatua chache. Anaclet alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kati ya wanaume, sanduku la safari bado liko pembeni yake, macho yamevimba. Alipomwona mkewe aliinuka nusu. Stanislas akamwekea mkono begani, akakaa tena.

Kalaba aliomba wanawake watoke nje, wote wasikie. Alisimama karibu na moto akawaeleza. Alijitahidi kuyaweka maneno wazi kama anavyotoa ushahidi. Chupa haikuwa sumu: ilikuwa dawa ya tumbo la mama mjamzito, na mzee Alimasi ameinywa mbele yake, yuko mzima. Hapo Anaclet aliinua kichwa ghafla akamtazama Habiba, na Habiba akatazama chini. Wanawake walinong'ona. Kalaba akaendelea. Vidonge havikufichwa kwa ubaya. Moyo wa marehemu ulikuwa umechoka, na dawa iliyokuwa ikiutuliza ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiuangusha. Daktari mwenyewe anaamini hivyo. Bila dawa alikuwa anakosa pumzi. Akiwa na dawa, alianguka asiinuke. Mtoto huyu alijaribu njia zote mbili. Hakuna mtu aliyeua.

Alipomaliza, kuni zililia motoni. Kisha Stanislas akajikohoza.

"Chef, tumesikia. Umesema muzuri. Kwanza sisi tulisema ni sumu ya chupa. We unasema hapana, ni kidonge njo kiliua."

"Ndiyo. Lakini—"

"Na huyu mutoto alijua kidonge inaangusha baba. Alijua kuliko docteur. Umesema we mwenyewe."

"Aliona. Hakujua."

"Aliona. Na Jumapili, kile kidonge, ni mukono ya nani iliweka mu mukono ya ndugu yangu?"

Kalaba alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, na lilikuwa la kweli: siku ya Idi mkono ulikuwa wa mwingine. Alimtazama Albertine. Mjane alikuwa amesimama kizingitini, vidole vimeng'ang'ania fremu ya mlango, na usoni mwake Kalaba aliona kwamba mama anajua hasa yeye Kalaba anataka kusema nini. Kumwokoa mmoja kungekuwa kumtupa mwenzake palepale motoni. Akageuka upande wa Habiba. Habiba alimtikisia kichwa, kidogo sana.

"Iko mukono yangu," Habiba alisema. "Njo mimi nilimupa."

Hakuna aliyemzomea. Huenda ingekuwa afadhali. Albertine aliingia ndani, na kilio kikaanza upya.

"Sisi hatuna vita na yeye," Stanislas alisema, akimwelekea Kalaba kama kwamba Habiba hayupo. "Aende kwao. Mutoto akizaliwa, ule iko wetu, tutakuya kumuchukua. Lakini mu nyumba hii hatapika tena. Nani atakula?"

"Anaclet," Kalaba aliita.

Kijana alikuwa akitazama mikono ya mkewe. Si uso, mikono. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Hakusimama.

Habiba aliingia ndani, akatoka na kibunda kilichofungwa kwenye shuka. Alipofika mbele ya mumewe alisita. "Ni mwezi ya tatu," alimwambia. "Nilitaka nikuambie mi mwenyewe." Alingoja kidogo, kisha akapita.

Kalaba alitoka naye, kwa kuwa habari ilikuwa imeshatoka uani na mtaa mzima ulikuwa umesimama milangoni. Fundi viatu alikuwa ameacha nyundo. Wauza maandazi waliacha mafuta yaungue. Habiba alitembea katikati ya barabara, akiangalia mbele. Hakuna aliyemrushia jiwe na hakuna aliyemsalimu. Walipofika njia panda ya kwenda kwa Alimasi, alibadilisha kibunda bega.

"Ishia hapa, chef. Kazi yako umeisha kuifanya."

"Naweza kukusindikiza mpaka kwa mzee."

"Hapana. Watu wakiniona na polisi, watasema nimefanya ingine."

Alikata kona. Kalaba alibaki ameshika baiskeli mpaka mtandio wake ulipopotea kati ya watu wa sokoni, kisha akageuka, kwa sababu njia ya kituoni ilipita mtaa uleule.

Bado walikuwa milangoni. Fundi viatu alivua kofia. Mama mmoja alipiga goti kidogo na kupiga makofi ya heshima. "Asante, chef," mtu alisema. "Mungu akubariki, sasa tunajua ukweli, tunajua ni mukono ya nani." Wengine walimpa mkono, wakiushika kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa barabara; na brigadier Kalaba, asiyejua la kufanya, aliwaitikia wote.